Saini ya Anyosisye

Saa moja kasoro. Mlima Loleza bado umejifunika ukungu
na sisi wa Takwimu tumejikunyata chumba namba sita,
vioo viwili havipo, upepo wa Juni unaingia bila hodi.
Karatasi ya mahudhurio inaanzia mbele,
inapita kwa Tuntufye, kwa Sekela, kwa yule kijana wa Ileje asiyesema,
ikifika kwangu inakawia kidogo.
Naandika jina langu: Ambilikile.
Kisha naandika lake.

Anyosisye Mwaijande. A yenye mguu mrefu
uliochomoka nje ya mstari kama miguu yake kitandani bwenini.
Nilijifua wiki nzima nyuma ya daftari la Uhasibu.
Yeye alijifua wiki nzima kutupia mbali, pointi tatu tatu.
Kila mtu na mazoezi yake.

Saa hiyo yuko uwanjani, nyuma ya jiko la chuo,
kwenye ile saruji iliyopasuka kama kisigino cha kiangazi;
goli moja halina nyavu,
jingine limeinamia upande wa Uyole.
Mpira tunausikia mpaka darasani: du, du, du.
Mwalimu Luvanda anasimama katikati ya kanuni ya mkengeuko,
chaki hewani:
"Huyo naye yupo humu?"
Karatasi inasema yupo.
Mimi natazama viatu vyangu.

Usidhani nilimdharau.
Siku tulipowafunga Iringa kwa pointi moja
alikaa hewani muda wa kutosha mtu kumenya parachichi,
mama wa chipsi akasahau karai, mafuta yakaungua,
na mkuu wa chuo akaruka na tai yake,
yeye yule aliyetubandikia tangazo ubaoni:
asilimia sabini na tano, chini ya hapo hakuna mtihani,
awe nani, awe nani.
Siku ile tangazo lilikuwa mfukoni mwa koti
na koti lilikuwa limevuliwa.

Kocha Mgaya naye alikuwa na daftari la mahudhurio,
dogo, limefungwa kwa mpira wa baiskeli.
Nikamwuliza, mtu asipofika mazoezini
rafiki yake anaweza kumwitikia?
Alicheka hadi filimbi ikalia yenyewe mdomoni.
"Amwitikie, sawa. Na kuruka, atamrukia nani?"

Sikulala vizuri. Asubuhi nikasaini tena.

Wiki ya kumi na tatu Mwalimu hakuhesabu saini.
Alihesabu vichwa.
Arobaini na moja kwenye karatasi,
thelathini na nane kwenye madawati.
"Hawa watatu," alisema taratibu, "ni vivuli vya nani?"

Anyosisye alikuja kipindi cha mwisho, fulana ina jasho bichi,
akakaa mbele, magoti hayana pa kwenda.
Akaulizwa maana ya wastani. Kimya.
"Haya, mitupo yako huru. Ukirusha kumi?"
"Saba zinaingia," akajibu papo hapo,
akataja mechi iliyoshusha hesabu, na kwa kiasi gani,
na kwamba zile mbili za Songea ziwekwe kando,
zilichezwa mvuani, zingeipotosha picha nzima.
Mwalimu Luvanda akavuta kiti.
Muhula mzima hatukuwahi kumwona amekaa.
"Ungekuwepo," alisema.
Hakuongeza neno.

Alirudia mwaka.
Mimi nilipewa barua ya karipio, nikahitimu nayo.

Leo niko benki, Mwanjelwa, foleni imefika mlangoni.
Dada wa dirishani anageuza fomu, anaangalia faili, ananiangalia.
"Kaka, hii saini siyo yako."
Natazama: mguu wa A umechomoka nje ya mstari.
Naomba fomu nyingine.
Naandika polepole, kama mtoto wa chekechea.
Unachomoka tena.